Kokoto Limelala kwa Nani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika, maana maneno nisipoyaweka mahali yatanitoka mdomoni mbele ya mtu asiyestahili kuyasikia. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko utakuwa huu huu.

Tuko wapangaji wa vyumba sita, korido moja katikati. Mvua ikinyesha watoto wote wanajazana humo. Mume wangu ni mlinzi wa usiku, mchana ndiyo usiku wake, na mimi nawapigia watu pasi hapo hapo mlangoni kwetu. Leo watoto walikimbizana mpaka wakaangusha karai la mkaa. Mama Mwenye Nyumba akatoa kichwa nje: "Hii ni nyumba au mnada wa mbuzi?"

Nikaona nisipowatuliza leo hakuna atakayelala. Nikawafundisha mchezo ambao bibi yangu alitutulizia sisi. Wanakaa chini mstari mmoja, mikono mbele. Mmoja anapita na kokoto, anagusa viganja vya kila mtu kama anampa, lakini anampa mmoja tu. Wote wanafunga ngumi. Halafu anaitwa yule aliyegeukia ukuta, aje aseme kokoto liko kwa nani. Akiwa anatazama wanaimba kwa kunong'ona: kokoto limelala, limelala kwa nani. Kunong'ona ni lazima, kwa sababu kokoto likisikia kelele linaamka. Hilo la kuamka nimelitunga mimi.

Mume wangu kalala mpaka saa kumi.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Mkaa umelowa, pasi inatoa moshi kuliko moto. Nimechafua kola ya shati jeupe la mtu, nikalifua upya.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mwanangu wa mwisho, Kitinda, ana miaka saba, kaka zake walishaondoka nyumbani. Si mtoto wa maneno mengi. Kumbe katika mchezo huu ni moto wa kuotea mbali. Kila zamu yake akiitwa kutoka ukutani anatembea mbele ya wenzake polepole, anasimama, anasema "wewe," na kokoto liko hapo. Hakukosea hata mara moja.

Mama Mapacha alikuwa ananisubiri nimalize gauni lake. Huyu ndiye rafiki yangu humu ndani, anauza nyanya getini, mimi chumvi yake na yeye kiberiti changu. Akapiga makofi. "Shoga, huyu mtoto ulimzaa au ulimchonga?"

Jioni nikamuuliza Kitinda anajuaje. Akafikiri. Akasema, "Wasio nalo wananitazama mimi. Mwenye nalo anatazama pembeni, kama anasikiliza mvua."

Naenda kulala nikitabasamu. Mtoto wangu anatazama watu. Si kila mtu anatazama watu.

Jumapili, 9 Machi

Dada wa Chumba cha Mwisho kanipita mlangoni bila salamu, na miwani ya jua kwenye mvua. Anafanya kazi jikoni kwenye hoteli, basi anatuona sisi wote masufuria.

Jumatano, 12 Machi

Sijapenda.

Mama Mapacha amewaita watu wazima waje kumjaribu mtoto. Fundi Viatu wa chumba cha pili alikuja na nyundo yake mkononi, Mama Mwenye Nyumba akaletewa kiti. Wakaacha kokoto wakaficha kifungo cha koti, eti kokoto mtoto ameshalizoea. Kitinda akampata mwenye nacho. Wakarudia, akampata. Mara ya tatu Mama Mapacha alikificha mdomoni badala ya mkononi, na Kitinda akasimama mbele yake akasema, "Wewe, lakini si mkononi."

Korido ikalipuka. Fundi Viatu akasema, "Huyu si mtoto jamani, huyu ni mganga. Mpeni kigoda na usinga."

Nikacheka pamoja nao. Neno likarudiwa, "Mganga, Mganga," na watoto wakalidaka. Mara ya pili sikucheka. Nilimtazama Mama Mwenye Nyumba nikaona naye hacheki, anamkazia mtoto macho kama mtu anayepima kitambaa.

Nimemwambia mume wangu alipoamka. Akasema, "Utani tu, mke wangu. Usiwashe moto, nyumba si yetu." Mume wangu analinda mlango wa watu usiku kucha, wa kwake haoni kinachoingia.

Ijumaa, 14 Machi

Watoto wamemwita "Mganga" bombani. Nimewakataza. Wameendelea.

Jumamosi, 15 Machi

Dada wa Chumba cha Mwisho kaleta sare yake ya jikoni nimpigie pasi kama kila Jumamosi. Nimeikunjua nikashangaa. Mikunjo niliyoipiga wiki iliyopita bado imesimama vile vile. Hakuna hata tone la mafuta. Nikajisemea, kweli huyu anajisikia, hata jikoni anaingia kwa ncha za vidole.

Jumatatu, 17 Machi

Hereni moja ya dhahabu ya Mama Mwenye Nyumba imepotea. Alizitundika msumarini pembeni ya kioo, asubuhi kakuta moja. Kutwa nzima amekuwa akitembea koridoni na ile iliyobaki kwenye kiganja, anamwonyesha kila mtu, kama sisi hatujui hereni inafananaje. "Mwizi yumo humu humu," anasema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mvua kutwa.

Jumanne, 18 Machi

Leo nitaandika mpaka mwisho.

Mchana nilipeleka mashati kwa mteja wangu ng'ambo ya barabara. Nilimwacha Kitinda na wale mapacha, chini ya macho ya mama yao. Narudi nimeficha kapu chini ya nailoni, nasikia korido kimya. Kimya cha watoto nakijua. Hiki kilikuwa kingine.

Nikaingia. Wapangaji wote walio macho wamesimama mstari mmoja kwenye ukuta, watu wazima, wenye ndevu na wenye wajukuu, wamenyoosha ngumi mbele. Fundi Viatu yumo. Mama Mapacha yumo, na ngumi zake mbili, rafiki yangu. Mama Mwenye Nyumba amekaa kitini. Na katikati mtoto wangu, peku, anatembea mbele yao mmoja mmoja. Wale watoto wamekalishwa pembeni na wameamriwa waimbe. Wanaimba kokoto limelala, na sauti zinawatoka kama za msibani.

Nikasema, "Mnafanya nini?"

Mama Mwenye Nyumba akanyanyua mkono bila kugeuka. "Subiri, mama. Anamaliza."

Kabla sijafika, Kitinda akasimama mbele ya Dada wa Chumba cha Mwisho. Leo hakuwa na miwani. Akamtazama. Akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Wewe."

Aliinua uso akiwa bado anatabasamu, anasubiri makofi.

Hakuna aliyepiga makofi. Yule dada alifungua ngumi zake, zote mbili tupu, akabaki ameziachia wazi hivyo hivyo. Mama Mwenye Nyumba akainuka. "Mmeona wenyewe. Mimi sikumtaja mtu. Mtoto hana ugomvi na mtu. Kufika Jumamosi chumba changu kiwe wazi."

"Mama, sijachukua kitu," yule dada akasema.

"Mbona umetoka jasho?"

"Hata wewe ungesimamishwa ukutani ungetoka jasho."

"Mimi sisimamishwi ukutani, nyumba ni yangu."

Fundi Viatu akatazama viatu vyake. Mama Mapacha akasema, "Mtoto hajawahi kukosea, jamani, tusidanganyane."

Nilimbeba mwanangu. Ni mkubwa wa kubebwa, lakini nilimbeba. Nikawaambia nilichoweza kusema kwa wakati ule, yaani si kingi. Nikasema mna aibu. Nikasema mngejificha nyuma ya mlango, mngejificha nyuma ya ngazi, mmejificha nyuma ya mtoto wa miaka saba. Kisha nikaingia ndani, na maneno yote mazuri yakanijia wakati nimeshafunga mlango.

Jumatano, 19 Machi

Kitinda hakula. Kaniuliza, "Mama, nilicheza vibaya?"

Nikamwambia hapana.

"Mbona anafukuzwa?"

Nikamuuliza kwa nini alimtaja yule dada. Akasema wote walikuwa wanamtazama yeye, wamemkodolea. Dada peke yake alikuwa anasikiliza mvua. "Ana kitu, mama. Kweli ana kitu."

Nikachukua sare yake iliyokuwa bado kwangu nikampelekea. Nilibisha hodi, akafungua kidogo. Nguo zake zilikuwa tayari kwenye mfuko. Nikamwambia, "Mwanangu anasema una kitu umeficha. Mimi sisemi ni hereni. Lakini hii sare haijaingia jikoni wiki mbili, na mimi ndiye ninayeipiga pasi."

Alikaa kitandani. Nilidhani atanitukana. Akasema hoteli ilipunguza watu kabla mvua haijaanza, na yeye alikuwa wa kwanza. Anaogopa mwenye nyumba akijua hana kazi atamtoa, kwa hiyo kila asubuhi anatoka saa zile zile za kazi, na kila Jumamosi ananiletea sare. Anaenda kukaa hospitali, kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje. "Pale hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini," akasema. "Wanajua tu unaumwa." Miwani ni kwa sababu macho yake yanavimba.

Na mimi nilimwita mwenye kujisikia. Mungu anisamehe, awasamehe na wengine, lakini aanze na wao.

Nikamwambia, "Twende tukamweleze mwenye nyumba."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Dada, nikimweleza hilo si ndiyo atanifukuza vizuri?"

Alhamisi, 20 Machi

Nimemfuata Mama Mapacha getini kwenye nyanya zake.

"Nilikuachia mtoto," nikamwambia.

"Shoga, alikuwa anacheza tu."

"Yeye alikuwa anacheza. Ninyi ndio hamkuwa mkicheza."

"Sasa wewe unataka mwizi akae humu tulale mlango wazi? Na kama mtoto wako ana macho ya ndani, kosa langu liko wapi?"

Macho ya ndani. Mwanamke ambaye mwanangu alilala kitandani kwake nilipokuwa naumwa, amemwogesha, anajua kovu lake la goti lilitoka wapi. Nikamwambia mtoto wangu ana macho mawili, na yote yako nje, kama ya kwako, tofauti ni kwamba yeye anayatumia.

Akapanga nyanya zake upya, na zilikuwa zimepangika.

Jioni pacha wake mmoja alipita mlangoni kwetu amejiziba uso kwa mikono. Kitinda akamuuliza ana nini. "Mama amesema usinitazame."

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mwenye Nyumba mwenyewe, nimevaa kanga yangu nzuri, maana nikienda na ya jikoni ataniona wa jikoni.

Nilisema kwa adabu. Nikamwambia mama, mtoto anachojua ni kutazama nani anaogopa. Wanaoogopa ni wengi. Mtu anaogopa kwa sababu anadaiwa, anaogopa kwa sababu anaumwa. Mtoto hawezi kuona hereni ndani ya moyo wa mtu.

Akaniambia, "Basi kama haogopi kwa hereni, aseme anaogopa nini."

Siri si yangu. Nilisimama pale nina jibu mdomoni, limejaa kama maji, na nikalimeza.

Akachukua ukimya wangu akautumia. "Unaona? Hata wewe huna la kusema."

"Nina la kusema. Naomba usimfukuze mtu kwa neno la mwanangu. Mfukuze kwa neno lako. Toka hapo nje useme mimi mwenye nyumba namfukuza kwa sababu nimeamua. Mtoto mtoe."

"Mimi sikumtaja mtu," akasema tena. Analipenda hilo. Ameliota, amelilalia, amelifanya mto.

Mume wangu alikuwa ameamka, alisikia yote. Aliniambia tu, "Umefanya vizuri kwenda." Kisha akaongeza kwamba angekwenda mwenyewe. Sawa. Lakini hakwenda.

Jumamosi, 22 Machi

Yule dada kaondoka asubuhi kwenye mvua ya rasharasha, kabla watu hawajaamka kumtazama. Nguo zake zote nilikuwa nimezipiga pasi, hata shuka. Ile sare hakutaka, kaniachia. Anaenda kwa dada yake kwanza.

Kitinda aliamka akasikia mlango. Alitoka mbio, nikataka kumzuia, nikamwacha. Wakasimama kule mwisho wa korido. Sijui walisema nini. Nilimwona yule dada ameinama mpaka uso wake na wa mtoto ziko sawa, akamruhusu amtazame. Alimtazama hivyo kwa muda, bila miwani, bila kugeuka.

Jumatatu, 24 Machi

Hakuna mchezo. Kitinda anashinda amekaa karibu na pasi. Nimemwambia asogee asije akaungua. Amesogea kidogo tu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua kubwa. Maji yameingia chumba cha Fundi Viatu, tumemsaidia kuinua ngozi zake za kushonea viatu. Kasema ahsante bila kunitazama. Kisha kasema, "Ile siku sikupenda, mama." Nikamjibu ile siku ulikuwa na mdomo kama leo.

Jumapili, 30 Machi

Naandika polepole nisitoboe karatasi.

Mama Mwenye Nyumba ametoka leo kwenda kwenye harusi ya watu. Gauni la kijani, mkoba, kichwa kimesukwa. Na masikioni hereni mbili. Zile zile. Moja kulia, moja kushoto, kama Mungu alivyogawa masikio.

Nilikuwa nimeshika pasi. Niliiweka.

"Mama, hereni umeipata?"

Akagusa sikio. "Aa, ilikuwa imeangukia nyuma ya kabati. Jumatano binti wa usafi kavuta kabati akaiona."

"Jumatano."

"Jumatano hii."

"Leo Jumapili."

"Mwanangu, nachelewa."

"Na yule dada?"

"Kwani nilisema ameiba? Nilisema chumba kiwe wazi. Na hereni haikupotea, ilikuwa haijaonekana tu."

Ilikuwa haijaonekana tu. Nataka neno hili likae kwenye karatasi, maana nikimsimulia mtu ataniambia nimemwongezea.

Nikamwambia basi mwite mtoto wangu hapa, na wale wote walionyoosha ngumi, useme mbele yao hereni imepatikana nyuma ya kabati. Dakika moja, harusi haitakimbia.

Akacheka, si kwa ubaya, na ndilo lililoniuma zaidi, alicheka kama nimechekesha kweli. "Nimwombe radhi mtoto? Mtoto ameshasahau, mama. Watoto hawana kinyongo."

Akashika upindo wa gauni akavuka dimbwi.

Nikapita mwenyewe mlango hadi mlango nikawatangazia. Fundi Viatu akasema alijua. Mama Mapacha akasema, "Alhamdulillahi imepatikana," akafunga dirisha.

Jumanne, 1 Aprili

Mama Mwenye Nyumba kaleta kapu lake la nguo. Nimemwambia pasi yangu imejaa. Akasema, "Nitasubiri." Nikamwambia imejaa mpaka mvua iishe. Sasa anatembea na nguo zenye unyevu, zinanuka kama kitambaa cha kudekia. Mume wangu anasema nitatuletea balaa. Balaa limeshakuja, nimemwambia, lilikuja limevaa hereni.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imepungua. Mama Mapacha kaja na nyanya kwenye bakuli. Kasimama mlangoni, kasema mapacha wanamlilia Kitinda. Nilipokea bakuli, nikamrudishia likiwa tupu bila kitu cha kumtuza, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na yeye alilielewa.

Lakini watoto hawana kosa. Nimesema waje.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo wamecheza. Wenyewe, hakuna aliyewaambia. Walikaa chini koridoni, wakatafuta kokoto, wakaanza kunong'ona ule wimbo. Mimi napiga pasi shati moja mara mbili.

Zamu ya Kitinda ikafika. Akatoka ukutani, akapita mbele yao. Nilikuwa namtazama yeye, sikutazama kitu kingine, na kwa sababu hiyo nikaona. Alifika kwa mtoto wa Fundi Viatu akasimama. Yule mtoto anatazama dari. Kitinda alisimama pale kidogo tu, kiasi cha kupumua mara moja. Akasogea. Akafika kwa pacha mdogo, ambaye alikuwa anamkodolea macho kama taa ya gari, akasema, "Wewe."

Pacha akafungua ngumi. Tupu. Wote wakapiga kelele, "Kakosea, kakosea, Mganga kakosea," na mtoto wa Fundi Viatu akarukaruka na kokoto lake. Kitinda naye akacheka. Zamu ya pili akakosea. Ya tatu akakosea.

Mama Mapacha alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Afadhali," akaniambia, na alikuwa na furaha ya kweli kabisa. "Umeona, shoga? Kimemtoka. Sasa ni mtoto kama watoto."

Niliepua pasi, nikamwita Kitinda ndani, nikafunga mlango.

"Ulijua lilikuwa kwa nani?"

Akatazama pembeni. Kisha akakubali kwa kichwa.

"Zote tatu?"

"Zote."

"Mbona ukamtaja asiye nalo?"

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu mchezo kwa mara ya kwanza. "Nikimtaja asiye nalo, anafungua mkono, wanaona hana. Hafukuzwi mtu."

Huko nje walikuwa wanamwita arudi. Nikamwacha aende, maana angefikiri amekosa tena. Nilisimama na nguo ya watu mkononi mpaka ikapoa.

Yule mwanamke wa hereni alisema watoto husahau. Huyu hakusahau. Amekaa kimya wiki tatu pembeni ya pasi yangu akitengeneza njia ya kucheza ambayo haimuumizi mtu, na njia yenyewe ni kujificha. Wakubwa wale na ngumi zao wamemfundisha hivyo, na leo mmoja wao anafurahi kwa sababu kajua kujificha.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia mume wangu naanza kutafuta chumba kingine. Nilijiandaa anikatalie. Alivaa viatu vya kazi ingawa leo ni siku yake ya kulala, akasema kuna mtaa kule nyuma ya lindo lake, atauliza.

Kikiwa kidogo, sawa. Kikivuja, tutaweka beseni. Ninachotaka mimi ni mahali ambapo mtoto akipatia, watu wanapiga makofi, kisha kila mtu anaenda kula.